Mwaka Perl Ilipotolewa kwenye Mwongozo

Ukumbini Upanga walikuwa wamevaa nyeupe wote, na mimi peke yangu nimetinga baibui jeusi kama niliyekosea mlango. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mwanamke mmoja alinishika mkono akanikalisha karibu na feni, nikakunja magoti yangu ambayo siku hizi hayakunjiki bila kulalamika, nikaitazama picha ya Mzee Jayant iliyovishwa shada la maua ya njano. Walikuwa wamechagua picha ya ujana wake, nywele nyingi, miwani mikubwa, kidevu juu, kile kidevu alichokuwa akikiinua kila alipotaka kukwambia umeandika upuuzi. Mwanawe, aliyerudi kutoka ng'ambo kwa ajili ya msiba, akaja kuchutama mbele yangu. Akasema, "Shikamoo, Bi Saumu. Mama anasema wewe ndiye uliyefanya kazi na baba siku za mwisho. Mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda kusoma. Baba alikuwa anafanya nini hasa?" Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua, lakini siku ile nilimjibu kifupi tu. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Alikuwa anaandika programu za kompyuta." Akanishukuru kwa adabu, akainuka kwenda kupokea wageni wengine. Jibu lile liliniudhi njia nzima mpaka nyumbani, maana hata mlinzi wa getini angeweza kumpa.

Basi nimjibu hapa, kwa kirefu. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo penyewe, juu ya duka la vitenge na duka la mabomba. Shirika lilikuwa linapeleka dawa kwenye zahanati za mikoani, na chumba chetu cha kompyuta kilitenganishwa na ofisi ya mkuu wa idara, Bwana Kimaro, kwa ubao mwembamba sana, kiasi kwamba akipiga chafya sisi tunamwambia pole. Dirisha lilikuwa moja. Ukilifungua unapata upepo, lakini unapata na makelele ya wauza mitumba na miluzi ya wasukuma mikokoteni wanaotaka kupishwa; ukilifunga, unaiva. Chini ya dirisha hilo alikaa Mzee Jayant, na mimi nilikaa mgongoni kwake, binti wa miaka ishirini na kitu niliyetoka chuoni nikijiona najua mambo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa asiyejua, kompyuta haielewi Kiswahili wala Kigujarati. Anayetaka kuiamuru anaandika kwa lugha iliyotungwa kwa ajili hiyo, na lugha hizo ni nyingi, zinazaliwa na zinazeeka. Ya kwetu ilikuwa Perl. Kila asubuhi, kabla hata chai haijaletwa, programu alizoandika Mzee Jayant kwa Perl zilikuwa zimeshasoma maombi ya zahanati zote na kupanga gari gani libebe dawa gani liende wapi. Bi Zuhura, mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga Mtaa wa Nyamwezi, nilipomweleza hayo alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Mnaandikiana barua na mashine, halafu mnarudi mmechoka!"

Ukutani karibu na meza ya chai kulikuwa na Mwongozo. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, umefunikwa kwa plastiki, unaoeleza zana za kompyuta ambazo shirika linataka zitumike, na ulikuwa na sehemu tatu: Tumia, Vumilia, Ondoa. Kilichokuwa Tumia, waajiriwa wapya walifundishwa. Kilichokuwa Vumilia, cha zamani kiliachwa kiendelee lakini hakuna jipya lililoandikwa kwacho. Kilichopelekwa Ondoa, kila kazi iliyofanywa kwacho iandikwe upya kwa kitu kingine, na mwaka ukiisha habari yake imekwisha. Sasa sisi tulikuwa na desturi yetu, sijaiona kwingine. Aliyeleta zana ndiye anayesimama mbele ya kamati, siku ya kikao cha mwisho wa mwaka, kuitetea iingie. Na siku ikibidi itoke, ni yeye yuleyule anayesimama kuiondoa na kueleza sababu kwa mdomo wake. Maadamu yupo kazini, mtu mwingine haruhusiwi kumsemea. Walisema desturi hiyo ilianza baada ya ugomvi, mtu alirudi likizo akakuta mwenzake amemfutia zana yake, na wawili hao hawakusalimiana tena mpaka wakastaafu. Perl ililetwa na Mzee Jayant zamani, mimi nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi, na imekaa Tumia siku zote hizo. Watu wa Python, lugha changa zaidi, walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba imezeeka. Lakini nani amguse, na mwenyewe yupo?

Alikuwa na majivuno, jamani, tusimsafishe kwa sababu amekufa. Kitu ambacho mimi ningekiandika kwa ukurasa mzima yeye alikiandika kwa mstari mmoja, umejaa alama za dola na vinyota na mabano, utadhani kuku amepita na miguu michafu. Maelezo ya pembeni, yale ambayo waandishi wa programu humwachia atakayekuja baadaye, hakuandika hata siku moja. "Mwenye akili ataelewa," alikuwa akisema. Nikimuuliza, na asiyekuwa nazo je, ananijibu bila kugeuka, "Akafanye kazi nyingine." Na majina! Ndani ya programu kila kitu unakipa jina. Idadi ya makatoni uiite makatoni, umbali uuite umbali, ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Yeye aliviita kwa chakula alichokula mchana ule. Mkewe, Bi Hansa, alimfungia chakula kila siku kwenye vile vyombo vya chuma vinavyopandana, na alichokuta humo ndicho kilichoingia kwenye programu. Ukifungua programu ya majokofu ya chanjo unakutana na bamia na bamia_jana. Ya dawa za kifua kikuu ilikuwa dengu mwanzo mpaka mwisho. Nilimgombeza mara nyingi, yeye akacheka akasema majina ya maana yanachosha, na mtu akishiba anakumbuka vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nachukua ubwabwa wangu na samaki kwa mama ntilie wa chini, nakwenda kukaa naye dirishani, ananisogezea achari, namwekea kando kipande cha limau, tunakula tukigombana. Nimekula sehemu nyingi tangu hapo, na hotelini pia. Sijapata meza kama ile.

Siku moja, baada ya Idi, nilikuwa peke yangu chumbani nasubiri chakula nikamsikia ng'ambo ya ubao akizungumza na Bwana Kimaro. Sikutega sikio, ubao ule ulikuwa hauna siri. Bwana Kimaro alikuwa akisema kwa ile sauti yake kavu, "Mzee, hakuna anayekulazimisha. Tunaweza kuiweka Vumilia, ikae hapo mpaka ustaafu." Mzee Jayant akajibu, "Hapana. Mwaka huu iende Ondoa. Mwisho wa mwaka nitasimama mwenyewe." Kisha Bwana Kimaro, "Saumu umemwambia?" Na mzee, "Saumu ana mdomo. Nitamwambia nikishakula." Lahaula! Damu ilinipanda. Perl ndiyo iliyokuwa kazi yangu, ndiyo niliyokesha nayo nikijifunza, ndiyo pekee niliyoijua sawasawa, na huyu mzee aliyenitia humo anaipeleka kaburini bila hata kuniuliza. Alipoingia na vyombo vyake nikamdaka mlangoni.

"Kwa hiyo umetuuza," nikamwambia.

"Kaa kwanza, binti."

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikiliza." Akaweka vyombo mezani, akafungua kompyuta yake, akanionyesha programu. Ilikuwa ile inayopanga dawa za kisukari, zinazotakiwa zisafiri kwenye baridi. Akasema, "Hii kaandika nani?"

"Wewe. Nani mwingine anaandika uchafu kama huu?"

Hakucheka. "Jana nimeitazama tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sikuijua, Saumu. Nilijua ni yangu kwa sababu ya biringanya." Akavua miwani akaiweka juu ya karatasi. "Nimekwenda hospitali kubwa, wamenipima mara ya pili. Daktari anasema kumbukumbu zinakwenda na hazitarudi. Haraka au polepole, hajui."

Nikakaa. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akinieleza kazi mwaka wa kwanza. Ikiwekwa Vumilia, alisema, mtaiacha hivihivi kwa sababu inafanya kazi, na siku itakapokosea mtanifuata nyumbani, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti simjui hata Hansa. Huko Kilwa mtu atakosa dawa yake. Ikiwekwa Ondoa, itabidi yote yaandikwe upya mwaka huu huu, na mimi bado nina kitu cha kukwambia. Kisha akainua kidole. "Na jambo la pili. Kikao cha mwisho wa mwaka nataka nisimame mwenyewe. Nieleze sababu kwa akili yangu, wanisikie. Sitaki waseme baadaye kwamba iliondolewa kwa sababu Jayant alichanganyikiwa. Unanielewa? Nataka nimalize kabla haijanimaliza." Nikasema naelewa. Kisha nikala bamia zake zote bila kumwachia, na yeye akaniacha nile.

Ndivyo mwaka ule ulivyokuwa. Yeye anasoma Perl na kunieleza, mimi naandika upya kwa Python, mchana tunakula, jioni kila mtu anashika njia yake. Ofisini walitutania kwamba tumemwingiza chatu ndani na sasa tunamlisha, maana python kwa Kiingereza ni chatu, na hawakujua chochote, maana mzee alinikataza nisiseme na Bwana Kimaro hakuwa mtu wa maneno. Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Alikuwa mkali, alinirudisha mwanzo nikikosea, na nikaanza kudhani labda daktari amekosea. Halafu tukafika kwenye ile ya biringanya, ya dawa za kisukari, akagota. Alisoma, akarudia, akapiga meza kwa kiganja. Kulikuwa na sehemu inayobadilisha safari za magari bila sababu yoyote tuliyoiona. Siku iliyofuata, sijui kwa bahati au kwa akili ya Bi Hansa, alifungua vyombo vyake tukakuta biringanya, imepikwa na vitunguu na binzari, mafuta yanaelea juu. Akala tonge la kwanza, akaacha kutafuna. "Mvua," akasema. "Ilikuwa inanyesha, dirisha hili lilikuwa linavuja, nilikuwa nimeweka ndoo hapa. Barabara ya kusini ilikatika. Andika! Hii inaangalia miezi ya masika, inayapitisha magari barabara ya juu!" Nikaandika. Wallahi ilikuwa kweli. Tulifungua mle ndani tukaikuta miezi ya masika imejificha kwenye alama zake za kuku.

Tangu siku hiyo Bi Hansa akawa mfanyakazi wa shirika bila kuajiriwa. Jioni nikawa nampigia simu. "Mama, shikamoo." "Marahaba. Kesho nini?" "Dengu, mama." "Za nazi au kavu?" Namwambia imeandikwa dengu tu. "Basi kavu. Za nazi angeandika dengu_nazi, anazipenda huyu." Na alikuwa sahihi! Alikwenda sokoni kuutafuta mchicha wa aina ileile, akamuuliza dada yake namna walivyokuwa wakiunga kunde zamani, akakataa kutumia jiko la gesi kwa kachumbari ya maembe kwa sababu wakati ule, alisema, walikuwa na la mafuta ya taa na harufu ilikuwa nyingine. Kachumbari haipikwi, nikamwambia. Akasema, "Harufu ya nyumba, Saumu. Kila kitu kilikuwa na harufu ya nyumba." Si kila siku ilifanya kazi. Lakini ilipofanya kazi, mzee alikula na kuzungumza, na kupitia mdomo ule nikayajua mambo ambayo hayakuwa kwenye programu yoyote: siku mwanawe alipozaliwa, siku alipofiwa na baba yake akaja kazini hivyohivyo, siku aliyopigiwa simu kutoka zahanati fulani wakamwambia tu asante, dawa zimefika. Hiyo ya mwisho ilikuwa siku ya mchicha. Alinisimulia mara nyingi, kila mara kama mpya, na mimi kila mara nikamuuliza, "Ikawaje?"

Jumamosi nilikwenda kwao Upanga. Flati yao ilikuwa na baraza nyembamba yenye vyungu vya mrehani, sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa, na meza ya chakula tuliyoigeuza ya kazi. Siku moja nilimfuata Bi Hansa jikoni kumsaidia kuosha vyombo. Alikuwa amenipa mgongo, maji yanatiririka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jana ameniuliza kama nina watoto." Nikasema, "Ukamjibu nini, mama?" Akasema, "Nikamwambia ninaye mmoja, yuko ng'ambo anasoma. Akaniambia, hongera, baba yake lazima anajivuna." Akafunga bomba. Akacheka kidogo, halafu akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa ncha ya sari yake, na mimi nikafungua bomba tena, nikaziosha sahani zilizobaki. Sasa hivi na mimi nimefika umri wa kuingia chumbani nikasahau nilichokifuata. Wenzangu wanacheka wakisema ni uzee. Mimi sicheki. Nasimama katikati ya chumba, naanza kutaja kimoyomoyo majina ya watu wangu mmoja mmoja mpaka nihakikishe wote wapo.

Kila Ijumaa, mimi nikirudi kutoka msikitini, alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake ya kikao. Anasimama dirishani, anavuta shati, anaanza: "Ndugu wajumbe. Niliileta Perl mimi, na leo naiondoa mimi, kwa sababu tatu." Ya kwanza, wanaoijua wamebaki wachache na vijana hawafundishwi tena vyuoni. Ya pili, inampa mwandishi uhuru mno, na mwandishi mwenye majivuno anautumia vibaya. Hapo alijigusa kifuani, nami nikapiga makofi. Ya tatu, kazi haitakiwi kukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, kwa sababu kichwa ni kitu cha kupita. Maneno ya mtu mzima, mazuri, na katikati ya mwaka aliyasema bila karatasi. Baada ya hapo sababu ya tatu ikaanza kumpotea. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Vuli ilipoanza, akawa anaipoteza na ya pili, na akiisoma kwenye karatasi anaisoma kama tangazo la mtu mwingine. Siku moja alinigeukia akauliza, "Kwani kwa nini tunaiondoa? Si inafanya kazi?" Nikamweleza. Akasikiliza kwa makini sana, akasema ni uamuzi mzuri, aliyeufikiria ana busara. Niliingia chooni nikafungulia maji ili nisisikike. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu mwaka ule, nikisujudu naomba hicho hicho: Yarabi, mwachie mpaka kikao.

Programu zote tuliziandika upya, isipokuwa moja iliyoitwa kachori. Ilikuwa fupi, inaendeshwa mara moja kwa mwezi, na hatukujua inafanya nini. Bi Hansa alikaanga kachori siku tatu mfululizo, za viazi, za dengu, za nyama ya bandia ya soya, akaja nazo mwenyewe ofisini zikiwa moto. Siku ya tatu mzee aliketi dirishani, akala moja, akala ya pili, akatutazama sisi wawili tulivyokuwa tumemkodolea macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. "Tamu," akasema. Tukasubiri. Akajifuta vidole. "Tamu sana. Nani kapika?" Bi Hansa akakusanya vyombo vyake, akavipanga kimoja juu ya kingine, akasema, "Mimi." Kachori tuliiacha ikazimwa, na mpaka leo sijui iliangalia nini.

Siku ya kikao alikuja amevaa suti ya kijivu, amenyolewa vizuri, Bi Hansa amemshika mkono. Bi Hansa akakaa kwenye benchi la kwenye korido, maana si mjumbe. Ndani tulikuwa watu kama kumi kuzunguka meza ndefu, Bwana Kimaro kwenye kiti cha mbele, mimi katibu na kalamu yangu. Nilikuwa nimemwekea mzee karatasi mfukoni, sababu zote tatu. Asubuhi ile alikuwa amenijua kwa jina, akaniuliza habari za Bi Zuhura, nikapata matumaini. Ajenda zikapita. Bwana Kimaro akasema, "Ya mwisho ni Perl. Mzee Jayant, kwa desturi yetu, karibu."

Akasimama. Akatoa karatasi, akaikunjua, akaitazama mbele na nyuma, akaikunja tena akairudisha mfukoni. "Ndugu wajumbe," akasema, na sauti ilikuwa nyingine, nyepesi, ya mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. "Nawashukuru kwa kunipa nafasi. Najua mimi ni mgeni hapa, tena kijana, na wengine mmefanya kazi hii kabla sijazaliwa."

Mjumbe mmoja mdogo akafungua mdomo, "Lakini mzee..." Bwana Kimaro akamwinulia kiganja, akanyamaza.

Mzee Jayant akaendelea. Alisema kwamba magari yanapangwa kwa mkono, na karani akiugua zahanati zinakaa bila dawa, na yeye ameona kwa macho yake mama anarudi na mtoto mgongoni hajapewa kitu. Alisema kuna lugha inaitwa Perl. Akaieleza. Jamani, aliieleza! Nilikuwa nimekaa naye miaka, nikadhani naijua, na sikuwahi kusikia ikielezwa vile. Kila hoja ilifuata mwenzake. Alitaja ubaya wake kabla hajaulizwa, akasema ni lugha inayomdekeza mwandishi, na akaahidi kwamba yeye ataandika kwa uwazi ili yeyote aweze kusoma. Bila karatasi, bila kukwama hata neno moja. Halafu akaweka mikono miwili juu ya meza. "Naomba muiingize kwenye Mwongozo. Mkinikubalia, nitaitumikia mpaka nizeeke."

Wote walikuwa wanamtazama Bwana Kimaro, yule mtu wa kanuni, aliyewahi kumrudishia mtu barua ya likizo kwa sababu ya koma. Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa. "Wajumbe mmesikia," akasema. "Wanaokubali?"

Mikono ikainuka, mmoja mmoja, mpaka yote. Wangu ulikuwa mzito, lakini niliuinua.

"Imepita," akasema Bwana Kimaro. "Hongera, Bwana Jayant."

Mzee akaunganisha viganja kifuani, akainama kidogo kwa kila upande, akatoka. Nikamfuata mbiombio. Bi Hansa alikuwa ameshasimama, mkoba ameubana kwapani, ananitazama mimi na si yeye.

"Hansa, wamekubali!" akamwambia. "Wote! Hata yule mwenye uso wa ndimu."

Nikamwitikia Bi Hansa kwa kichwa, kwamba ndiyo, wamekubali, lakini si hotuba ile aliyoifanyia mazoezi. Sijui kama nilieleweka. Nadhani alielewa kitambo kabla yangu. Alimnyooshea mumewe kola, akaichelewesha mikono yake pale shingoni. "Hongera, Jayant," akasema. "Nilijua utaweza."

"Kesho naanza. Kazi ni nyingi."

"Kesho. Sasa twende ukale." Wakashuka ngazi wameshikana mikono, mzee akimweleza kitu kwa Kigujarati, haraka haraka, akicheka. Hakurudi tena kazini.

Niliporudi ndani wajumbe walikuwa wameshatoka, amebaki Bwana Kimaro peke yake anakusanya karatasi. Nikakaa kwenye kiti changu nikashika kalamu. "Niandike nini?" nikamuuliza.

"Andika imeondolewa."

"Na sababu? Desturi inataka sababu, na hakuisema."

Alizigonga karatasi mezani zikae sawa. "Andika sababu zake tatu," akasema. "Wewe si unazijua?"

Nikaziandika zote kwa jina lake, ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama alivyokuwa akizisema dirishani alipokuwa bado anazo. Kisha nikalaza kichwa juu ya meza nikalia kwa sauti, na Bwana Kimaro hakuniambia ninyamaze.